Koti la Chupa na Kofia za Marungu

Aliyekosa gazeti la juma lililopita asihangaike. Mambo yalikuwa hivi.

Maliki, fundi cherehani wa Albertville, kijana wa ukoo wa wafanyabiashara wa ziwani, alikuwa ameandamwa na mikosi tangu mwaka huu wa hamsini na saba uanze. Cherehani yake ilizama pamoja na mashua iliyoileta kutoka Kigoma. Akaazima nyingine, nayo ikatafuna suruali za kwaya ya misheni, hata kwaya ikaimba Pasaka yote imesimama nyuma ya meza ndefu.

Aliyebaki upande wake alikuwa Hidaya, binti wa Papa Amisi muuza samaki wakavu. Hidaya alikuwa amekwisha kumkubali. Baba yake ndiye aliyekuwa bado.

Na Hidaya ndiye aliyeanzisha yote. Alilishonea birika la chai la baba yake nguo ya vitambaa viwili, katikati akajaza sufi, ili mzee akichelewa msikitini akute chai bado inachoma ulimi. Maliki aliishika nguo ile, akaifinyafinya, akainamisha sikio kama mtu anayesikiliza mtu wa mbali.

"Hidaya," akasema, "kama hii nguo inazuia moto kutoka, si itazuia moto kuingia vilevile?"

Siku ya pili yake alipeleka mapazia kwenye baa ya Mama Léonie, karibu na stesheni. Masinisti Célestin, aliyeendesha gari la moshi la Kabalo, alikuwa pale analalamika kwamba chupa yake inatoka kwenye frigo baridi kabisa, lakini hadithi yake haijafika hata nusu ya safari, bia imekwisha kuwa uji. Maliki akampima chupa kama anavyompima mtu suti. Kesho yake chupa ya Célestin ikavaa koti. Hadithi ikafika Kabalo, ikarudi, na bia bado ilikuwa baridi.

Hapo ndipo mji uliposhikwa na wazimu.

Watu wa bandarini walitaka koti la buluu. Wachezaji wa mpira walitaka rangi za timu. Karani mmoja wa biro ya posta aliomba koti lenye tai. Mama mmoja alileta kipande cha kitenge chake ili chupa ya bwana yake ifanane naye siku ya sherehe, watu wajue chupa ni ya nani na bwana ni wa nani. Wafanyakazi wa Bendera, kule wanakojenga mtambo wa umeme wa maji, waliagiza fungu zima. Fundi mmoja wa upande wa soko akajaribu kuiga, akajaza manyoya ya kuku. Yalipolowa yakanuka, hata baa nzima ikahamia barabarani.

Kila mtu alijua makoti ya chupa ni kazi ya Maliki. Kila mtu, isipokuwa Papa Amisi.

Papa Amisi hakupita njia ya mabaa. Ndugu yake mdogo alikuwa amemaliza mashua ya marehemu baba yao ndani ya chupa, ubao kwa ubao, halafu akajimaliza mwenyewe. Kwa hiyo mzee alipoletewa posa ya Maliki alisema neno moja tu: "Ufundi wako sina shida nao. Lakini mukono unaokula pesa ya pombe hautashika mukono wa binti yangu."

Maliki akaitika, "Ndiyo, Papa," huku mfukoni ana kamba ya kupimia chupa.

Sasa tuendelee.

*

Ilikuwa mchana wa jua kali la Oktoba, mvua imegoma kushuka. Maliki alikuwa kwenye barza yake, mguu kwenye cherehani. Mezani kulikuwa na rundo la makoti mapya ya Mama Léonie, ya kitambaa cha kijani chenye maua meupe, kila moja limetariziwa herufi L, ili makoti yasizoee kwenda na wateja nyumbani.

"Hodi!"

Maliki aliijua sauti kabla ya kumwona mwenyewe. Akakalia makoti mawili. Mengine hayakukalika.

"Karibu, Papa Amisi."

"Napita tu. Watu wanasema cherehani yako haipumuziki siku hizi. Nikasema, acha nione kwa macho." Mzee akaokota koti moja, akaligeuza huku na huku. "Hii njo nini?"

Maliki akafungua mdomo bila kujua nini kitatoka.

"Kofia, Papa."

"Kofia?"

"Kofia za watoto."

Papa Amisi akaingiza ngumi ndani ya koti. Ngumi ikajaa. "Mutoto gani huyu, Maliki? Hii hata paka itamubana."

"Wachanga, Papa. Wale wanaozaliwa..." Maliki alitazama milima upande wa kusini kama mtu anayetafuta njia ya kukimbilia. "Wanaozaliwa Marungu. Kule juu baridi ni kali."

Uso wa mzee ukabadilika. Maliki alidhani amenaswa. Kumbe mzee alikuwa amekumbuka.

"Marungu!" akasema. "Nimepeleka samaki Marungu nikiwa kijana. Asubuhi maji ya kunawa yanauma kama nyuki. Nimeona watoto kule wanatetemeka mupaka meno inalia." Akalifinya koti. "Umetia sufi?"

"Nimetia sufi, Papa."

"Umefikiri watoto wa Marungu, wewe, uko umekaa hapa kwenye jua?"

Maliki akatazama chini. Mzee akadhani ni haya ya mtu mwema.

Halafu mkono wa Papa Amisi ukaenda pembeni ya meza, ukashika koti la Célestin. Lilikuwa limeletwa kubadilishwa kamba. Koti hilo lilikuwa pana kuliko mengine yote, maana Célestin alitaka nafasi ya kusindilia vipande vya barafu kandokando ya chupa.

"Hii ni ya mutoto mukubwa kidogo," akasema Maliki haraka.

"Na hii herufi?" Mzee alikuwa amegeukia tena zile za kijani.

"L, Papa."

"L ya nini?"

"L ya... Lala. Mutoto akivaa, analala."

Papa Amisi alicheka hadi akajifuta macho kwa mkono wa kanzu. Binti yake mkubwa, Mosi, alikuwa amejifungua, na mtoto alikuwa hajaiacha nyumba ile ifumbe jicho.

"Basi hii naenda nayo," akasema, na koti la Célestin likaingia kwapani. "Na sikiliza tena. Maulidi inakaribia. Watoto wadogo wa chuo chetu cha Kurani, kofia zao zimechakaa, zingine ni uzi tu. Mwaka huu watavaa za kwako. Kitambaa hii hii, sufi hii hii. Uzifanye za kuenea vichwa vyao. Nataka watu wote waone kazi ya mukwe wangu."

"Ya nani, Papa?"

"Hukusikia?" Mzee alikuwa amekwisha kushuka ngazi. "Nimesema mukwe wangu."

*

Ungekuwa wewe, ungefanya nini? Ungemkimbilia mzee barabarani ukamwambia, Papa, rudisha koti, hilo ni la chupa? Maliki naye hakukimbia. Alikaa pale pale, anacheka na kutoka jasho kwa wakati mmoja.

Célestin alifika jioni, ana masizi hadi masikioni.

"Fundi, koti yangu."

"Kaka Célestin, bado kidogo."

"Kamba moja, bado kidogo? Bia ya jana nimekunywa kwenye chupa tupu, uchi kabisa, mbele ya watu. Watu wa bandarini wamenicheka."

"Nitakushonea jipya. La suruali ya bwana biro, kitambaa cha Ulaya."

"Sitaki la Ulaya. Nataka lile. Tumezoeana." Akaondoka ananung'unika, na mlangoni akageuka: "Kama umelipatia mutu mwingine, Maliki, utaniambia tu. Sitakasirika. Nitamutafuta yeye."

Kesho yake Hidaya hakungoja jioni. Alimkuta Maliki kwenye bomba la maji, akaweka ndoo yake chini kwa kishindo.

"Maliki. Mutoto wa Mosi amevaa nini kichwani?"

"Kofia."

"Inanuka bia."

"Kidogo tu."

"Mosi anamunusa mutoto, anamunusa tena, anasema labda ni maziwa yamechacha. Baba anamubeba mutaa muzima, anaonyesha watu: 'Kazi ya mukwe wangu, kazi ya mukwe wangu.' Na mimi niko nyuma na sahani ya muchele nataka kuzama ndani ya ardhi!"

Mdomo wake ulitetemeka. Maliki alidhani ni kilio. Halafu kicheko kikamponyoka, akajifunika uso kwa khanga, mabega yakamtikisika. Maliki naye akaanza kucheka. Hidaya akafunua uso mara moja.

"Usicheke. Mimi nina haki ya kucheka, wewe hapana."

"Hidaya, ningefanya nini? Ningesema ni za pombe, angeniambia kwaheri pale pale."

"Labda. Lakini angekuambia kwaheri wewe mwenyewe. Sasa amemupenda muntu ambaye hayuko, muntu wa kushonea watoto wa Marungu. Siku akijua, atajiona mujinga mbele ya mutaa wote. Hiyo njo hatakusamehe." Akainua ndoo yake. "Mimi sikukukubali juu ya kushona, Maliki. Wanaojua kushona ni wengi. Nataka bwana anayejua kusema. Umuambie kabla ya Maulidi. Ukishindwa, posa yako utairudisha kwenu wewe mwenyewe, mimi nitafungua mulango."

*

Ijumaa baada ya sala Maliki alimngoja Papa Amisi nje ya msikiti. Alikuwa ameyapanga maneno yake tangu alfajiri. Alikuwa ameyasema mbele ya cherehani, na cherehani haikukasirika.

"Papa, nina neno. Zile kofia..."

"Njoo, njoo, njoo!" Mzee akamshika mkono, akamvuta katikati ya wazee wenzake na mwalimu wa chuo. "Huyu hapa. Niliwaambia. Mutoto wa Mosi amelala! Siku mbili anapumua ndani ya ile kofia, analala kama jiwe."

"Papa, hiyo njo nataka kusema. Zile kofia si..."

"Si kazi kubwa, atasema hivyo. Muone! Hata sifa anaikataa." Mzee akageukia wenzake, macho yake yakilowa kidogo. "Mimi niliwaza binti yangu atapata muntu wa ovyo. Munajua habari ya ndugu yangu. Nilikuwa naogopa kila kijana anayepita. Sasa nasema mbele yenu: posa nimeipokea. Baada ya Maulidi tutapanga siku."

Wazee wakashukuru Mungu. Mwalimu akampa Maliki mkono. Mzee mmoja akamkumbatia, na yale maneno yaliyopangwa tangu alfajiri yakapondeka katikati ya vifua viwili.

Hidaya alipopata habari kwamba posa imepokelewa, alituma neno moja kwa dada yake Mosi alifikishe: "Umesema?"

Maliki akarudisha jibu: "Nilianza."

*

Siku ya Maulidi Maliki aliamka na akili moja tu. Alikwenda kwa Mama Léonie, asubuhi, kabla viti havijatolewa.

Mama Léonie alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kusimamisha gari la moshi, na moyo laini kuliko alivyotaka watu wajue.

"Mama, nakuomba. Leo maandamano ya Maulidi yatapita hapa. Barabara yao ya siku zote imechimbwa, wanaweka mabomba. Nimejaribu kuwapitisha ufukoni, wamekataa."

"Wapite. Ni watu wa Mungu, nitawapisha."

"Makoti, Mama. Yasionekane. Hata moja."

"Kwa nini makoti yangu yafichwe kama mali ya wizi?"

Maliki akamwambia yote. Mama Léonie alicheka hadi akashika meza. Alipomaliza kucheka, akaguna.

"Umefanya kitambaa hii hii?"

"Ndicho kilichokuwapo, Mama. Hakukuwa na kingine cha kutosha."

"Watoto wa chuo wamevaa kitambaa ya baa yangu." Akatikisa kichwa. "Sawa. Nitafunga mupaka wapite. Nenda ukaoe."

Na angefunga kweli. Lakini gari la moshi la Kabalo, ambalo halijawahi kufika mapema tangu reli iwekwe, siku ile lilifika mapema. Célestin na wenzake wakajaa barzani, koo zimekauka. Mama Léonie alipigana nao, akashindwa, akapata sharti moja: maandamano yakitokea, kila mtu chupa chini ya meza, kofia mkononi, mdomo umefungwa.

Yakatokea.

Dufu zilitangulia kusikika, halafu bendera, halafu watoto. Ah, wale watoto! Walikuwa wamepangwa wawili wawili, kanzu nyeupe, na vichwani kofia nene za kijani zenye maua meupe. Jua lilikuwa linawaka, sufi inachemsha ubongo, jasho linawatiririka hadi shingoni, na bado wanaimba kwa sauti zao zote. Nyuma yao walikuja wazee, Papa Amisi mbele, amembeba mjukuu wake aliyelala fofofo ndani ya koti la Célestin, kamba imefungwa vizuri chini ya kidevu. Wanawake walifuata, Hidaya miongoni mwao. Maliki alikuwa ubavuni mwa Papa Amisi, anatembea kama mtu anayevuka mto wenye mamba.

Watu wa reli wakasimama. Kofia mkononi. Hata chupa moja haikuonekana. Mama Léonie akainamisha kichwa kwa heshima.

Watoto wakapita. Maliki akaanza kupumua. Bendera ikakata kona. Bado hatua chache tu.

"Ayi! Koti yangu!"

Célestin alikuwa amesimama juu ya kiti, kidole kimemnyookea mtoto mchanga.

"Koti yangu ile! Mama Léonie, uone! Mutoto amevaa koti yangu!" Na kwa kuwa hakuna aliyemwelewa, akainama chini ya meza, akatoa chupa yake tupu, uchi kabisa, akaiinua juu. "Ya hii! Ya chupa yangu!"

Wenzake, wakitaka kumsaidia kueleza, wakatoa zao.

Basi zikatoka chini ya meza chupa za bia, moja baada ya nyingine, zimevaa kijani na maua meupe. Na mbele yao, barabarani, watoto wa chuo waliokuwa wamegeuka kutazama, vichwa vimevaa kijani na maua meupe.

Dufu zikanyamaza.

Papa Amisi alitazama chupa. Alitazama watoto. Alitazama tena chupa. Rangi ilimpanda usoni polepole.

"Nani," akauliza, "nani alifanya hii kazi?"

Maliki akafungua mdomo. Mama Léonie akamhurumia, akawahi.

"Célestin, Papa! Njo Célestin alitushonea."

Célestin, ambaye vidole vyake havikuweza hata kufunga kifungo cha shati bila kusaidiwa, alimtazama Mama Léonie. Lakini alikuwa mtu asiyejua kukataa sifa.

"Njo mimi," akasema, akavuta kifua.

"Wewe!" Papa Amisi akapanda ngazi ya barza, mtoto mkononi. "Wewe njo mwizi, basi! Kijana wetu anakaa, anafikiri watoto wanaokufa kwa baridi Marungu, anawashonea kofia. Wewe unaziona, unaiba ufundi wake, unavalisha pombe! Kofia za watoto wachanga! Huna haya? Twende kwa chefu wa cité, mukubwa wa mutaa, akuhukumu. Sasa hivi. Maulidi itaningojea."

Watu wa reli wakaanza kusogea nyuma. Célestin alikuwa ameshuka kwenye kiti.

"Mwizi?" akasema, na sauti yake haikuwa tena ya masinisti. "Papa, usiseme ile neno. Kazini wakisikia neno mwizi, wataninyang'anya mashini. Nina watoto."

"Ungefikiri watoto kabla."

Célestin akamtazama Maliki. Mara moja tu. Halafu akatazama chini, akanyamaza, akaiacha mikono ining'inie. Angeweza kusema. Alijua nani mshonaji. Mji mzima ulijua. Lakini alikuwa amesikia mzee anamwita Maliki kijana wetu, akaelewa habari ilivyo, na hakusema.

Kunyamaza kule ndiko kulikomwumiza Maliki kuliko makelele yote.

"Papa," akasema, "mwache."

"Usimutetee! Wewe una moyo laini."

"Mwache, Papa. Si mwizi. Mimi njo mwizi." Alipanda ngazi naye, akasimama kati yao. "Hakuna kofia za Marungu. Hazijawahi kuwapo. Hayo ni makoti ya chupa. Nayashona mimi, tangu miezi mingi. Siku ile ulinikuta nayo mezani, nikaogopa, nikasema kofia. Kofia njo zilitoka kwa chupa, Papa, si chupa kwa kofia. Hilo alilovaa mutoto ni la Célestin kweli. Ulilichukua pale kwangu, na mimi nikakuacha ulichukue."

Mtoto mmoja wa chuo aliivua kofia yake, akaitazama ndani, akairudisha kichwani.

"Na Ijumaa?" akauliza Papa Amisi. Sauti ilikuwa ya chini sana. "Mbele ya wazee wenzangu?"

"Ijumaa nilitaka kusema."

"Nilikushika mukono."

"Ndiyo, Papa."

"Nililia."

Maliki akavuta kiti, akamsogezea.

Papa Amisi akakaa. Akakaa kwenye kiti cha baa, yeye, mbele ya watu. Mama Léonie akaleta maji kwenye glasi safi, akaweka mbele yake. Mzee hakuyagusa. Alikuwa ananyoosha kidole kwenye chupa iliyokuwa karibu naye, anaigusa ile nguo ya kijani kidogo kidogo, kama mtu anayegusa kitu kilichomuunguza zamani.

"Hidaya," akaita bila kugeuka. "Njoo hapa."

Wanawake wakampisha. Hidaya alikuja hadi chini ya ngazi, kichwa juu.

"Wewe ulijua?"

Maliki akawahi: "Papa, hakujua. Yeye hana..."

"Nyamaza, Maliki," akasema Hidaya. "Leo umejifunza kusema ukweli, usiuharibu upesi hivyo." Akamtazama baba yake. "Nilijua, Papa. Nilijua tangu koti la kwanza. Hata lile la kwanza kabisa nililishona mimi, la birika yako. Yeye alibadilisha tu cha kuvalisha. Kama ni kosa, kosa ni la watu wawili."

Mguno ukapita kati ya wanawake. Mosi akafunika mdomo.

Papa Amisi akamtazama binti yake. Akamtazama Maliki. Akasimama taratibu, akamfungua mjukuu kamba chini ya kidevu, akatoa koti, akamkabidhi Célestin kwa mikono miwili.

"Nimekuita mwizi," akasema. "Unisamehe, Papa Célestin."

"Imekwisha, Papa," akasema Célestin, anashika koti lake na hajui pa kutazama.

Mtoto aliyekuwa amelala akaamka, akaanza kulia kwa nguvu zake zote. Mzee akampa Mosi, akashuka ngazi, akanyoosha kanzu yake. Akamwinulia mpiga dufu mkono: jiandae. Ndipo akageuka.

"Kesho asubuhi muje kwangu, wewe na wazazi wako. Na mupitie kwa mwalimu, aje pamoja na nyinyi."

Moyo wa Maliki ukaruka, halafu ukasimama. Maana mwalimu huitwa nyumbani kwa mtu kufungisha ndoa. Lakini mwalimu huyo huyo huitwa pia kushuhudia posa ikiondolewa na kurudishwa.

"Mwalimu wa nini, Papa?" akauliza.

Papa Amisi alikuwa amekwisha kuanza kutembea. Alijibu bila kugeuka, neno moja, na palepale dufu zote zikapigwa kwa pamoja, na watoto wakaanza kuimba.

"Amesema nini?" Maliki akamshika Célestin begani. "Kaka, umesikia? Amesema nini?"

"Nimesikia vizuri kabisa," akasema Célestin. "Amesema ndoa."

Mama Léonie alikuwa anaokota chupa zake mezani. Hakuinua macho.

"Mimi nilikuwa karibu naye kuliko wewe, Célestin," akasema polepole. "Mimi nimesikia *ondoa*."